Mgongo wa Mama Aliyeshika Tama

Fundi,

Shikamoo. Najua hakuna marahaba itakayonirudia, lakini miaka sita nimeingia karakanani kwako kila asubuhi na neno hilo, na mdomo wangu haujui pa kuanzia pengine.

Nakuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni habari: sanamu ya makaburini imekwisha, na Jumamosi inapanda Mgeta. Ya pili ni ungamo. Siku ya mwisho nilipokaa ukanichora, nilifanya jambo moja kichwani mwangu, na kesho yake asubuhi ukafa. Kwa miezi minne nimeishi nikiamini kwamba nimekuua mimi. Mkeo nimeshamwambia. Imebaki kukuambia wewe mwenyewe, ila uniruhusu nianzie mbali kidogo, maana unanijua, sipigi plasta kabla ya kujenga ukuta.

Hapa Kilakala mambo yanakwenda. Bomba la uani bado linavuja. Shabani, jirani yetu mchomeleaji, amenunua redio kubwa kuliko ile uliyokuwa ukiilalamikia, kwa hiyo shukuru kwamba hupo. Baada ya arobaini mpwa wako alishuka kutoka Mgeta, kama desturi yenu Waluguru inavyotaka, mali ya mjomba imfuate mtoto wa dada. Akachukua baiskeli na lile koti la mvua. Kisha akaingia karakanani, akatazama miiko, patasi na mabaki ya nondo, akasema, "Hivi mwachieni dada huyu, mwanafunzi wake. Mimi nalima karoti, saruji itanipeleka wapi?" Mkeo akakubali. Ndiyo maana bado nafungua mlango ule ule kila siku. Aproni yako iko msumarini. Siivai, si kwa heshima tu, ni kubwa mno kwangu, inaburuza.

Mchoro uko mbele yangu ninapoandika. Nauita mchoro kana kwamba hujachora mingine, lakini unajua ninaousema. Ni ule wa mkaa na chaki nyeupe, kwenye karatasi ya mfuko wa saruji uliopasuliwa na kunyooshwa kwa pasi. Mama ameketi juu ya jiwe, shuka limemfunika kuanzia kichwani hadi miguuni, kiwiko cha kushoto kiko juu ya goti na shavu limelala kwenye kiganja. Mkono mwingine uko mapajani, wazi, kama umesahauliwa. Juu yake umepiga mistari ya miraba kwa kalamu nyekundu, tayari kwa kukuzwa.

Wazee wa kigango cha Mgeta walipokuja kutaka mama mwenye huzuni wa kukaa kwenye lango la makaburi, hukufikiria hata dakika moja. Ulisema huyo unamjua, yumo kwenye kitabu cha Bruda. Hadithi ya kile kitabu nimeisikia mara nyingi kuliko nasaha za askofu kanisani. Ulikuwa kijana wa kuchanganya zege misheni, na bruda mmoja mzee alikuwa na kitabu cha michoro ya Wazungu wa zamani, watu waliokuwa wakijiandaa kuchonga sanamu kwa mtindo wa Wayunani. Bruda alikufundisha kutoka mle: kwanza uchore mwili, kisha uuvishe nguo, kisha upige miraba. "Mwili kwanza, nguo baadaye," ulikuwa ukinipigia kelele, mpaka mama lishe wa jirani akauliza kama huku ndani tunafanya kazi au tunafanya nini. Ulisema wale mama wa kitabuni hawana tofauti na mama wa Mgeta wakiwa msibani, ila hawa wa Ulaya walikosa kanga wakajifunga mashuka ya kitanda.

Tatizo lilikuwa tama. Yule mama wa kitabuni ameshika tama, na kwetu mtu hashiki tama mpaka awe amefiwa. Bibi yangu kule Kinole alikuwa akinikuta nimelaza shavu kwenye kiganja, namfikiria paka wala si mtu, ananipiga mkono: "Unamlilia nani wewe? Unatuombea nini humu ndani?" Wewe mwenyewe ulikatazwa hivyo ulipokuwa mdogo. Lakini Bruda alikuzoesha kwamba mchoraji lazima amwone mtu aliyekaa, hachori kutoka kichwani. Ukaanza kutafuta wa kukaa. Mama lishe akasema yuko tayari kukubebea mifuko ya saruji bure mwezi mzima, lakini hilo hapana. Dada yake Shabani alikubali, kisha mama yake akaja kumwondoa. Wiki nzima ikapita hivyo, nami nikasema nitakaa mimi. Nilijiona msomi. Nina cheti cha kidato cha nne, mambo ya tama yananihusu nini?

Siku nne nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nimefunikwa shuka ulilolichovya kwenye uji mwembamba wa muhogo ili mikunjo isimame. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya mlimani imeshuka mpaka kwetu, nami natetemeka ndani ya shuka la uji. Siku tatu za kwanza ulichora na kufuta. Hukuridhika. "Umekaa kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye dirisha la dawa," ulisema. Nilijitahidi kukunja uso. Ukasema sasa nafanana na aliyeibiwa simu.

Siku ya nne uliweka mkaa chini. "Kadia, mfikirie marehemu wako."

Nikakuambia sina. Baba yupo, mama yupo, bibi bado anauza ndizi Kinole, na babu zangu walikufa kabla sijazaliwa. Wadogo zangu wote wazima. Uliguna, ukachukua tena mkaa, ukasema, "Basi mtafute."

Nikamtafuta, Fundi. Nilikuwa nimeinamisha kichwa lakini macho yangu yalikufikia. Ulikuwa umepiga magoti mbele ya ubao, miwani yenye mkono uliofungwa kwa waya imekutelemka, puani una alama ya mkaa. Nikaiondoa picha yako pale. Nikaona ubao peke yake. Nikaiona aproni msumarini, na mimi nafungua mlango asubuhi nasema shikamoo na hakuna mtu. Sikuishia hapo. Nilikuzika. Niliona jeneza likipandishwa kwenye ile njia ya makaburini na watu wakiteleza kwenye utelezi, nikamwona mkeo, Mama Beata, ameshikwa huku na huku. Machozi yakaanza kunitoka yenyewe, na mabega yakashuka.

"Hapo hapo," ulisema. "Usitikisike."

Sijawahi kukuona ukichora vile. Ulichora kama mtu anayeanua nguo mvua ikija. Ulipomaliza ulirudi nyuma hatua tatu, ukavua miwani, ukaifuta, ukavaa tena. Mchana ule ulikula chapati mbili na kusema kwamba tangu Bruda aondoke hujachora kitu kama kile. Hukuniuliza nilimpata nani. Sanamu ina pande zote na mchoro ule ulikuwa wa mbele tu, kwa hiyo pembeni mwa karatasi uliandika kwa kalamu nyekundu: Mgongo kesho.

Kesho yake kabla ya saa moja ulianguka bombani na mswaki mkononi. Nilikuwa ndiyo kwanza naingia getini. Shabani na mimi tulikubeba mpaka barabarani. Kule hospitali daktari alisema ni presha, na kwamba ilikuwa nawe kwa muda mrefu bila mwenyewe kujua. Nilimsikia vizuri. Lakini kusikia ni kazi ya masikio, na kuamini kuna kwake.

Msiba wako ulikuwa mkubwa, nikuambie hivyo ufurahi. Malori mawili yalitoka mjini. Watani wa ukoo wenu walifanya kazi yao bila kukuonea aibu. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alivaa aproni yako juu ya gauni, akajitia miwani yako, akakaa juu ya ndoo na kushika tama. "Nichoreni," akasema, "nichoreni upesi, nina safari!" Watu walicheka mpaka wakakaa chini, waliokuwa wakilia wakacheka pia, na hiyo ndiyo kazi ya mtani. Kisha akainuka, akatupitishia macho mmoja mmoja. "Haya, na huyo aliyemlilia Fundi kabla hajafa yuko wapi? Ajitokeze tumpe mkono wa pole wa mapema."

Walicheka tena. Mtani hanuniwi, hilo nalijua, na yeye hakujua lolote zaidi ya kusikia kwamba kuna msichana alikaa siku nne ameshika tama. Lakini mimi nilijua maneno yale yamenipata. Nikamtazama mkeo. Hakucheka. Alikuwa akinitazama.

Tuliporudi mjini, Mama Beata aliuondoa mchoro ukutani, akaukunja, akaufungia kwenye sanduku lake la nguo. Hakunifukuza. Chakula alinipa, salamu alinipa, lakini jina Kadia likatoweka mdomoni mwake. Nikawa "wewe." Wewe, njoo ule. Wewe, funga mlango, mvua hiyo. Binti yenu Beata alikaa naye mpaka arobaini, kisha akarudi Dar kazini kwake, na nyumba ikabaki na watu wawili wanaopishana uani. Nami sikumlaumu, maana nilijua zaidi ya anachokijua. Yeye alidhani nilishika tama tu. Hakujua nilikuwa nikimzika mumewe.

Mwezi wa nane katekista wa kigango akaja kuuliza kama kazi imekufa na fundi. Walitaka sanamu isimame kabla ya siku ya kuwaombea marehemu wote, ambapo watu hupanda makaburini. Nikasema kazi haijafa. Sijui niliupata wapi ujasiri huo. Nikajaribu kumjenga mama bila mchoro, kwa udongo, mdogo tu wa kujipima. Wiki mbili. Shabani alichungulia dirishani, akamtazama kwa huruma, akasema, "Huyu mpeleke akang'olewe, dada, anateseka." Nikamtazama tena. Kweli kabisa, alikuwa mama mwenye jino bovu. Nikambomoa.

Basi nikaenda kwa mkeo. Alikuwa amekaa kibarazani anachambua mchele. Nikapiga goti, nikasema naomba mchoro wa Fundi, bila ule siwezi. Akaendelea kuchambua, macho kwenye ungo. Nikangoja, kisha nikaondoka. Siku ya tatu nilipofungua karakana niliukuta mezani, umenyooshwa, na pembe zote nne zimewekewa mawe ili usijikunje.

Nilifanya kama ulivyonifundisha. Nilihesabu miraba, nikaikuza ukutani kwa chaki. Shabani alinichomelea nondo za uti wa mgongo na miguu. Nikafunga wavu wa kuku, nikajaza saruji, nikajenga mwili kwanza, mama lishe akauliza tena maswali yake. Kisha nikachovya magunia kwenye uji wa saruji na kumvisha mkunjo kwa mkunjo, nikifuata mkaa wako. Uso, mkono wa shavuni, mkono wa mapajani, vyote vilikuja. Mbele alikuwa kazi yako kabisa. Ukimzunguka tu, alikuwa ukuta.

Mgongo siwezi kuuotea. Mwenyewe ulisema uso wa mtu hujua kudanganya lakini mgongo hakuna anayejifunza kuutawala. Ikabidi nitafute mtu wa kukaa, na majibu yakawa yale yale, tena safari hii yakiwa na ushahidi: aliyekaa mara ya mwisho, mnaona kilichotokea. Mama lishe alinionea huruma akasema atakaa bila kushika tama, ataweka mkono magotini. Nikamwambia mgongo hautakuwa ule. Nikampa Shabani simu yangu, nikakaa mimi mwenyewe juu ya ndoo, yeye akanipiga picha nyuma. Picha kumi na saba. Zote ni mgongo wa mtu anayejua kwamba anapigwa picha. Nilijaribu kufikiria marehemu wangu, maana sasa ninaye, na nilipofika tu kwenye jambo lile nilinyooka kama nimechomwa sindano. Niliogopa kukaa vile tena. Ndiyo ukweli wenyewe. Niliogopa nikimfikiria mtu mwingine kwa bahati mbaya, naye ataanguka.

Wiki tatu zilizopita, Alhamisi, Mama Beata aliingia karakanani akitoka misa ya asubuhi. Tangu uondoke hakuwahi kuvuka kizingiti kile. Alikuwa na gauni lake jeusi na kigoda mkononi.

"Nasikia unatafuta mtu wa kushika tama," alisema.

"Ndiyo, mama. Lakini si lazima."

"Nikiishika mimi, itamwita nani tena? Wa kuitwa keshakwenda." Akaweka kigoda chake mbele ya ile ndoo. "Ila shuka lenu la uji silivai. Nina kifua."

Alijifunika kanga mbili kavu, akaketi, akaweka kiwiko juu ya goti na shavu kwenye kiganja. Sikumwelekeza chochote. Nilienda nyuma yake na karatasi ya saruji na mkaa, nikaanza. Redio ya Shabani ilikuwa inapiga kelele nyuma ya ukuta. Baada ya muda nilisikia pumzi yake imebadilika, ndefu, nzito. Alikuwa amelala. Baadaye aliniambia tangu mwezi wa sita usingizi kwake ni wa kudokoa, kitanda kimemwia kipana. Nikachungulia dirishani nikampungia mkono Shabani, nikamwonyesha kwa ishara. Alizima redio, akazima na mashine ya kuchomelea, akaenda kukaa mtaani na wateja wake. Shabani huyo huyo, Fundi.

Nilichora migongo minne. Nikupe maelezo ya kifundi, hayo ndiyo utakayoyataka. Bega lake la kushoto liko chini kuliko la kulia. Sikuwahi kuliona miaka yote sita. Shingoni kuna mfupa uliochomoza, na kuanzia hapo mgongo haushuki kwa mkunjo mzuri kama wa mama wa kitabuni, unakaa, kama gunia lililopungua nusu. Kanga ilikuwa imeteleza upande mmoja na hakuna mtu wa kuirudisha. Nililia nikichora. Nililia kawaida tu, mkono unafanya kazi.

Aliamka mwenyewe, karibu saa tano. "Umemaliza?"

"Bado kidogo."

Hakugeuka, na nadhani kwa sababu hakugeuka ndiyo maana niliweza. Nilimwambia mgongo wake. Nilimwambia kwamba siku ile ya nne uliniambia nimfikirie marehemu, kwamba sikuwa na marehemu, kwamba nilikutazama wewe nikakuua akilini na kukuzika, hatua kwa hatua, mpaka na yeye mwenyewe nilimwona ameshikwa huku na huku. Na kwamba ulifurahi. Na kwamba asubuhi yake ukaanguka. Nilipomaliza nilibaki nimesimama na mkaa mkononi.

Alipozungumza, alizungumza akitazama ukuta.

"Aliniomba mimi kwanza. Hukujua? Kabla ya mama lishe, kabla ya wote. Nikamwambia sishiki tama, nina mume hai. Akacheka, akaenda kuwauliza wengine." Akavuta kanga begani. "Siku zake nne za mwisho hapa duniani alizimaliza anakutazama wewe, kwa sababu mimi nilikataa kutazamwa. Hilo ndilo lililokuwa linanikaba kila nikikuona. Mambo ya mkosi ni ya yule mtani."

Nikasema tu, "Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini?" Hapo aligeuka. "Kadia. Miaka thelathini na moja nimeolewa na mtu anayepanda Mgeta na malori na kushuka juu ya kabichi. Ile barabara unaijua. Kila lori lilipochelewa, nilimzika. Nilikuwa nakaa jikoni nimeshamlaza kwenye jeneza, nimeshapanga nani atapika, nani atakwenda kumwambia mama yake, Beata nitamsomeshaje. Nililia mpaka nikaosha uso. Halafu mlango unagongwa, anaingia na mfuko wa karoti, anauliza chakula kiko wapi. Kama kumfikiria mtu kunaua, mimi ningeshammaliza kabla hata Beata hajazaliwa."

Nilikaa chini sakafuni, pale pale kwenye vumbi la saruji. Nilicheka na kulia kwa pamoja, kitu ambacho nilidhani ni cha kwenye hadithi. Naye alicheka kidogo, akapangusa jicho kwa pindo la kanga. Kisha akarudi kwenye kigoda, akaweka kiwiko gotini. "Haya malizia," akasema. "Nina maharage jikoni."

Sasa nikuambie nilipokukosea kikazi. Ulinifundisha kwamba mchoro ndio bosi, mjenzi hafanyi lake. Nimefanya langu. Niliujenga mgongo ule wa Mama Beata jinsi nilivyouona, na ulipokamilika, bega la mbele likawa haliendani na la nyuma, maana wewe ulichora mabega yangu na mimi nimejenga ya kwake. Nilihangaika siku mbili. Mwishowe nilichukua nyundo nikalivunja bega la kushoto nililolijenga kwa mchoro wako, nikalishusha vidole vitatu. Ikanibidi na mkunjo wa shuka niuanze upya kutoka shingoni. Huenda ungenifukuza karakanani. Lakini ukimtazama sasa, ni mama mmoja, mbele na nyuma. Shabani aliingia, akamzunguka mara mbili bila kutia neno la mzaha, nami nikajua tumefika.

Katekista alipokuja kukagua, tulibishana kidogo aelekee wapi. Mimi nilitaka ayaelekee makaburi, aliowapoteza si wamo humo. Yeye akasema hapana, atazame barabara, ili watu wanaopanda na waliofiwa wakutane na uso wake kwanza. Nimemkubalia, ni mtu wa busara. Wewe uko safu ya tatu upande wa ndani. Kwa hiyo uso ni wa wageni, na ninyi mlioko ndani mtakuwa mnatazama mgongo. Nimeupiga msasa mara tatu.

Jumamosi alfajiri lori la mboga linapopanda tupu litatubeba. Tumemlaza kwenye godoro lako la zamani, Mama Beata ndiye aliyelitoa. Yeye atakaa mbele na dereva, mimi nyuma na sanamu, nimshikilie kwenye kona. Ameniambia niendelee na karakana, na kwamba jioni nikimaliza nisiende kula kwa mama lishe kana kwamba sina kwetu.

Mchoro umerudi ukutani, mahali pake. Ile migongo minne nimeitundika kando yake.

Nakuaga hapa, Fundi, mkono umechoka na saruji inaningoja. Siku ile ulikuwa hai mbele yangu, unapumua, una mkaa puani, nami nikakufikiria umekufa. Kuanzia leo nitafanya kinyume. Kila nitakapopiga miraba kwenye karatasi, nitakufikiria u hai, umesimama nyuma yangu unanuna kwa sababu mistari imepinda. Mkeo amenihakikishia kwamba fikra za mtu hazibadilishi kitu. Nitakufikiria hivyo hivyo tu, na hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Mwanafunzi wako,
Kadia